UZI: Milio ya gemu za TV tulizokulia nazo Kisumu na Nakuru, na namna ya kuitengeneza upya

FundiKibuye (Kisumu)

Wadau, salamu.

Kila mara hapa mtu anaomba "sauti za Nintendo" kwa ajili ya gemu anayoitengeneza ya simu. Anaelekezwa pakiti ya kupakua, anamaliza bando lake, halafu anarudi kusema hazifanani na zile anazozikumbuka. Anayesema hivyo yuko sawa kabisa. Hazifanani kwa sababu wengi wetu hatukuwahi hata kuishika Nintendo yenyewe. Tuliyocheza ni ile mashine ya kuiga iliyokuwa ikiuzwa soko la Kibuye, barabara ya Oginga Odinga na madukani Nakuru: plastiki nyeupe, pedi mbili zenye nyaya fupi, na kaseti ya njano iliyoandikwa kwamba ina gemu 9999999 kumbe ni chache zinazojirudia. Mashine ile ina mlio wake. Ukitaka kuurudisha, iga ile iliyokuwa kwenu, usiige ya Japani.

Nianze na asili ili tuelewane. Famicom, ndiyo Nintendo ya Japani, ilitoka huko tarehe 15 Julai 1983, na ndugu yake NES ikaingia Marekani 1985. Moyo wake ni chipu ya Ricoh, 2A03, ambayo ndani yake kuna kichakataji na mtambo wa sauti kwa pamoja. Mtambo huo una chaneli tano tu. Mbili ni za wimbi la mraba. Moja ni ya wimbi la pembetatu, moja ya mchakacho (kelele ya "shhh" kama redio isiyoshika stesheni), na moja ya kucheza sampuli fupi zilizorekodiwa. Kila mlio unaoukumbuka, kuanzia risasi hadi sarafu, umetoka kwenye chaneli hizo tano, na mara nyingi mlio uliazima chaneli moja kutoka kwa muziki kwa muda mfupi. Ndiyo maana ukipiga risasi unasikia ala moja ya wimbo imekatika kidogo.

Sasa wimbi la mraba. Wimbi hili lina hali mbili tu, juu na chini. Sehemu ya kila mzunguko ambayo wimbi liko juu ndiyo inayolipa rangi yake. Mimi naiita upana wa pigo. Chipu ya Ricoh ina upana wa aina nne: asilimia 12.5, 25, 50 na 75. Asilimia 50 inatoa mlio mnene, wa duara, unaofanana kidogo na filimbi ya mbao. Asilimia 25 ni mwembamba na mkali zaidi. Asilimia 12.5 ni wa puani kabisa. Ya 75 sikioni ni sawa na 25, kwa kuwa ni lile lile limegeuzwa juu chini.

Mtengenezaji wa gemu huchagua upana kwa namba: 0, 1, 2 au 3. Kwenye Ricoh, 1 ni asilimia 25 na 2 ni asilimia 50. Kwenye chipu nyingi za kuiga, mfano UA6527 ya kampuni ya UMC ya Taiwan, namba hizo mbili zimebadilishana nafasi: 1 inatoa 50, na 2 inatoa 25. Gemu ni ile ile, kaseti ni ile ile, lakini kila mlio ulioandikwa uwe mnene unatoka mwembamba, na mwembamba unatoka mnene.

Hiyo ndiyo tofauti ambayo masikio yetu yanaijua hata kama hatujui jina lake. Mtoto wa Osaka na mtoto wa Kondele walicheza gemu moja wakasikia vitu viwili.

Kwa hiyo kabla ya kufanya lolote, chukua emuleta, yaani programu ya kompyuta inayoiga mashine, ya Mesen au FCEUX. Zote ni za bure, na zote zina mahali pa kuwasha ubadilishaji huo wa upana wa pigo. Weka gemu uliyoizoea, washa, zima, washa tena. Utajua papo hapo ni upi mlio wa nyumbani kwenu.

Karibuni maswali. Nitajibu ninayoyajua vizuri.

---

Kasuku_S58 (Nakuru)

Fundi, umenigusa. Nimejaribu hapa Section 58 kwenye laptopu ya kaka yangu na kweli, nilipowasha tu nikasema ndiyo hii! Lakini bado kuna kitu hakijakaa sawa. Muziki unakimbia. Sisi gemu zetu zilikuwa na mwendo wa taratibu kuliko hivi, na hata mario alikuwa anaruka kwa utulivu. Au ni utoto tu ulinifanya nione hivyo?

---

FundiKibuye

Kasuku, si utoto. Masikio yako yanakumbuka vizuri.

Televisheni zetu za analojia zilitumia mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde. Marekani na Japani ni picha 60. Gemu hizi huendesha muziki na milio kwa kuhesabu picha: kila picha moja, programu ya sauti inapiga hatua moja. Gemu iliyoandikwa kwa picha 60 ikichezwa kwa 50 inakuwa na mwendo wa tano kwa sita. Muziki wote unapungua kasi.

Lakini sikiliza jambo zuri hapa. NES halali ya Ulaya iliposhushwa hadi picha 50, saa ya chipu yake, yaani kasi ya mapigo yanayoiendesha, nayo ilishuka hadi takriban MHz 1.66, kutoka MHz 1.79 ya Marekani. Nota zote zikashuka kwa zaidi ya nusu toni. Mashine za kuiga zilizotengenezewa televisheni za PAL hazikufanya hivyo. Saa yake ni takriban MHz 1.773. Nota zinabaki karibu pale pale, mwendo tu ndio unaopungua. Kwenye Mesen chagua aina ya mashine inayoitwa Dendy, ambalo ni jina la mashine ya kuiga iliyouzwa sana Urusi. Ndiyo iliyo karibu zaidi na yetu.

Tuchukue mlio mmoja tuuchane, ule wa sarafu ya Super Mario Bros. ya 1985. Ni nota mbili tu kwenye chaneli ya pili ya mraba. Masafa hupatikana hivi: saa ya chipu, gawanya kwa 16, halafu gawanya kwa kipima (namba ambayo gemu huipa chaneli kuchagua nota) kilichoongezwa moja. Nota ya kwanza kipima chake ni 113, ya pili ni 84.

Kwenye mashine ya Marekani hiyo inakupa Hz 981 kisha Hz 1,316, yaani B halafu E ya juu yake. Nota ya kwanza inakaa picha 5, sawa na milisekunde 83, na ya pili inakaa picha 48 ikififia. Upana wa pigo ni namba 2, asilimia 50.

Kwenye mashine yetu inakuwa Hz 972 kisha Hz 1,304. Picha 5 sasa ni milisekunde 100 kamili. Na namba 2 inatoa asilimia 25. Sarafu inalia nyembamba zaidi, na ile nota ya kwanza inasimama kidogo kabla ya kuruka juu. Hizo milisekunde 17 zinasikika, wadau. Jaribuni.

Tena sauti inafifia kwa saa ya chipu yenyewe, haifuati picha. Kwa hiyo mkia wa mlio haurefuki ingawa mwendo wa gemu umepungua.

---

MwalimuWaKimilili (Bungoma)

Hamjambo nyote. Nina klabu ya kompyuta ya wanafunzi wa sekondari. Tuna laptopu chache sana na watoto wengi wanafanya kazi kwa simu za wazazi wakati wa likizo. Hayo ya saa na vipima wanayaelewa, ni hesabu tu, na wanayapenda kuliko nilivyotarajia. Swali langu ni la vifaa. Waanze na programu gani? Nimesikia habari za sfxr.

---

DadaWaDunga (Kisumu)

Shikamoo Mwalimu. Ngoja nijibu hili, ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Sfxr ilitengenezwa Desemba 2007 na msanidi anayejiita DrPetter kwa ajili ya washiriki wa shindano la Ludum Dare, watu wanaotengeneza gemu nzima kwa siku mbili na hawana muda wa sauti. Unabonyeza "sarafu", "mlipuko", "kuruka", inakupa mlio. Siku hizi kuna toleo la kivinjari, jsfxr, linalofunguka hata kwenye simu. Kwa wanafunzi ni pa kuanzia pazuri. Kwa laptopu, wahamie Furnace: ni ya bure, inaiga chipu nyingi za zamani, na ukichagua chipu ya NES unaweza kuchagua pia saa yake iwe ile ya Dendy.

Ila Mwalimu, wafundishe tofauti mapema. Sfxr haiigi chipu yoyote. Mtelezo wake ni laini, sauti inapanda na kushuka bila kukatika. Mashine ya zamani haikuweza hivyo. Ukubwa wa sauti ulikuwa na ngazi 16 tu, kuanzia 0 hadi 15. Mtelezo wa nota ulipigwa kwa hatua, na kila hatua ilibadilisha kipima kwa namba nzima. Ule mkwaruzo mdogo unaousikia mlio unapopanda ni hatua hizo. Ukiulainisha, umeuondoa uhai wote.

Kwa hiyo mwanafunzi akiandika programu yake mwenyewe ya kutoa mlio, na lugha ya Python inatosha, awe na sheria mbili. Ukubwa wa sauti uletwe kwenye ngazi iliyo karibu kati ya zile 16. Na hakuna kitu kinachobadilika katikati ya picha: mabadiliko yote yasubiri mwanzo wa moja ya hamsini ya sekunde. Mtelezo wa chipu yenyewe una hatua za haraka zaidi, lakini sheria hiyo itamfikisha mbali.

Kuna mtego mwingine. Ukichora wimbi la mraba moja kwa moja kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, nota za juu zitatoka na vijisauti vya ajabu visivyolingana na nota. Wimbi la mraba lina masafa mengi sana juu yake, na yale yasiyotoshea kwenye sampuli zako yanarudi chini kujifanya nota zisizokuwepo. Dawa yake: tengeneza wimbi kwa kasi kubwa zaidi, mara 16 au 32, kisha chukua wastani wa kila kundi upate sampuli moja. Simu ya kawaida inaweza. Tofauti inasikika hasa kwenye nota za sarafu na za kuongeza maisha.

---

Mpita_Njia_KK (Kakamega)

Hesabu zote hizi za nini? Si utafute mashine ya zamani pale sokoni, uchomeke waya, urekodi, basi?

---

FundiKibuye

Kaka, kurekodi nako kuna kazi yake na mimi ninafanya. Ukiipata mashine inayowaka, irekodi leo, kwa sababu zinaisha. Nyingi zinazoletwa hapa sokoni zimekufa adapta au swichi ya kuwasha. Ukizifungua unakuta bodi ndogo ya kahawia na katikati yake tone la gundi nyeusi lililokauka. Chipu yote iko chini ya tone hilo, haina jina wala namba. Tone likipasuka hakuna wa kulitengeneza. Zile za mwanzo zenye chipu zilizosimama kwenye miguu yake na maandishi juu ndizo zinazorekebishika.

Lakini rekodi inakupa mlio mmoja tu, ule uliokuwa ndani ya kaseti. Gemu yako ya mtumbwi au ya boda inahitaji milio ambayo haikuwahi kuwepo. Mtu anayejua njia ya mashine anatengeneza mlio mpya kabisa na msikilizaji wa Kakamega anasema huu naujua. Hapo ndipo utamu ulipo kwangu.

Rekodi ina faida moja kubwa, itumie kujifunza: televisheni. Mashine zetu zilipitisha sauti na picha kwa waya wa antena, unatafuta chaneli hadi picha itulie. Sauti ilikuwa moja, hakuna kushoto na kulia. Ilitokea kwenye spika ndogo ya Great Wall ya inchi 14 ambayo haina besi ya kusema. Kwa hiyo mlio ukishakamilika, uache kwenye chaneli moja, kata masafa yaliyo chini ya Hz 200 na punguza yaliyo juu ya Hz 7,000. Namba hizo ni za sikio langu, jirekebishie. Ukisahau hatua hii utakuwa na mlio sahihi wa chipu, lakini hautakuwa mlio wa sebuleni.

---

Kasuku_S58

Fundi, basi nisaidie na hili. Gemu yangu ni ya boda inayokatiza mjini Nakuru, kutoka stendi hadi Kaptembwa. Sauti ya injini ndiyo imenishinda. Nimetumia mchakacho, inatoka kama mvua kwenye mabati.

---

FundiKibuye

Hili swali nimelipenda kweli. Keti.

Mchakacho wa chipu ile si wa bahati nasibu. Ni rejista ya biti 15, yaani safu ya nafasi 15, kila moja ina 0 au 1. Kila hatua, biti mbili zinalinganishwa: zikitofautiana inaingia 1 upande wa juu, zikifanana inaingia 0, na safu nzima inasogea nafasi moja. Biti inayotoka mwisho ndiyo sauti. Katika hali ya kawaida mfuatano huo unachukua hatua 32,767 kabla ya kujirudia. Ni mrefu kiasi kwamba sikio halitambui marudio, ndiyo maana unasikia mvua yako.

Kuna hali ya pili. Badala ya kulinganisha biti mbili za mwisho, unalinganisha ya mwisho na ile iliyo nafasi sita juu yake. Mfuatano unafupika hadi hatua 93. Sasa unajirudia upesi hivi kwamba unakuwa nota, nota chafu yenye kutu. Hiyo ndiyo injini yako.

Twende kwenye hesabu. Kasi ya hatua ni saa ya chipu ukigawanya kwa moja ya vipindi 16 vilivyowekwa. Chukua kipindi cha 762 kwenye saa yetu ya 1,773,448. Unapata hatua 2,327 kwa sekunde. Gawanya kwa 93, unapata marudio 25 kwa sekunde. Injini ya boda ya silinda moja, ya mipigo minne, hulipua mara moja kila mizunguko miwili. Mara 25 kwa sekunde ni mizunguko 3,000 kwa dakika. Yaani boda inayotembea polepole mtaani, bila ya wewe kubahatisha chochote.

Kipindi cha 1016 kinakupa kama mizunguko 2,250, anaposubiri abiria akigusagusa mafuta. Cha 508 ni 4,500. Cha 380 ni kama 6,000, hapo amevuta mafuta yote. Panga hivyo: 1016, 762, 508, 380, kila kimoja picha kumi hivi, halafu anapobadilisha gia rudi kipindi kimoja nyuma kwa picha tatu na upunguze sauti kutoka 12 hadi 6. Usijaribu kutafuta vipindi vya katikati. Mashine haikuwa navyo, na ile miruko ndiyo inayomfanya msikilizaji aamini.

Usikose kuweka honi: mraba, asilimia 12.5, nota mbili fupi zinazofanana, kimya cha picha mbili katikati.

---

Kasuku_S58

Imekubali!! Kaka yangu ametoka chumbani kuuliza ni pikipiki ya nani hiyo. Ya 508 kwenda 380 ni yenyewe kabisa. Niliongeza kipindi cha 254 anaposhuka mteremko, ni kupita kiasi lakini nimeiacha.

---

Mpita_Njia_KK

Sawa, nimekubali hesabu. Ila sarafu ya mario nikiitengeneza mwenyewe kwa vipima hivyo hivyo, ninaweza kuiweka kwenye gemu ninayouza?

---

DadaWaDunga

Usifanye hivyo. Kuiunda upya kwa mikono yako hakuifanyi iwe yako. Nota zile, mpangilio ule, mtu yeyote anautambua kuwa wa gemu ya wenyewe. Kwa kujifunza darasani au nyumbani, jifunze. Kwa kuuza, tumia njia ile ile na nota nyingine. Kwa gemu yangu ya uvuvi, samaki akiingia wavuni nilichukua nota tatu zinazoshuka badala ya mbili zinazopanda, upana wa asilimia 25, ya mwisho ikififia. Inasikika ya zama zile na haimdai mtu.

---

MwalimuWaKimilili

Asanteni sana, watoto wangu. Vijana wametengeneza mlipuko leo kwa mchakacho mrefu, ukubwa ukishuka kutoka 15 hadi 0, ngazi moja kila picha mbili, na kipindi kikizidi kurefuka kadiri sauti inavyofifia. Umetoka mzuri mno. Wameweka pia besi ya pembetatu chini yake. Kwenye spika ya laptopu inasikika kidogo, kwenye simu haipo kabisa. Tumekosea wapi?

---

FundiKibuye

Hamjakosea popote, Mwalimu. Pembetatu, kwa kipima kile kile, inalia oktavu moja chini ya mraba, kwa sababu saa ya chipu inagawanywa kwa 32 badala ya 16. Besi yenu huenda iko Hz 60 au 70 na spika ya simu haifiki huko. Waipandishe oktavu mbili. Pia pembetatu haina ngazi za ukubwa: inawaka au inazima. Kwa hiyo kwenye mlipuko msiififishe, itelezesheni chini haraka kutoka Hz 400 hivi kwa picha sita, kisha izimeni ghafla. Ngoma nyingi za gemu zile zilitengenezwa hivyo, na kwenye simu itapiga.

Wakimaliza tuwekee faili hapa, nataka kuisikia kwa Great Wall iliyoko kibandani.